Je, redio itaniharibia uprofesa?

SWALI: Shikamoo Profesa. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa kemia katika chuo kikuu cha umma. Nina shahada ya uzamili na mwakani naanza uzamivu. Tangu mwaka jana naalikwa redioni kila Jumatano jioni kueleza kemia ya mambo ya nyumbani, na Jumamosi mojamoja huenda shule za msingi, vifaa vyangu vyote vimo kwenye beseni. Watu wanapenda, wengine wananipigia simu hata usiku. Lakini mkubwa wangu mmoja kazini aliniita akaniambia nisipoacha "uigizaji" nitazeekea kwenye cheo hiki. Je, yupo profesa wa kemia aliyefanya kazi kama hii na wenzake wakaendelea kumheshimu? Au ningoje kwanza mpaka niwe profesa? Na mwezi ujao nimealikwa shule niliyosoma mwenyewe, darasa la tano, hawana maabara. Niwafanyie nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mke wangu akisikiliza. Neno hilo "uigizaji" na mimi niliambiwa nikiwa na cheo kama chako, na nakumbuka lilivyonikaa kooni wiki nzima. Kwa hiyo sitakujibu juujuu.

Profesa unayemuulizia yupo, tena si mmoja. Nitakusimulia habari za wawili ambao njia zao zilikwenda kinyume kabisa, maana hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kungoja au kutongoja.

Wa kwanza ni Martyn Poliakoff wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza. Huenda umeshamwona kwenye simu yako: mzee mwenye nywele nyeupe zilizotawanyika kila upande, shingoni tai yenye jedwali la elementi, nyuma yake ofisi iliyojaa makaratasi na vikorokoro. Alizaliwa London mwaka 1947, akasoma Cambridge mpaka uzamivu, akafanya utafiti Newcastle miaka kadhaa, kisha mwaka 1979 akahamia Nottingham akiwa mhadhiri. Uprofesa aliupata mwaka 1991. Hesabu mwenyewe: miaka 12 ya kupanda ngazi moja baada ya nyingine, hakuna kamera, hakuna umaarufu.

Miaka hiyo alikuwa akishughulika na gesi zinazobanwa mpaka zinaacha kuwa gesi. Chukua kaboni dioksidi, hiihii tunayoitoa puani. Ifungie kwenye chombo kigumu chenye kidirisha kinene cha kioo, ikiwa chini kimiminika na juu gesi, kisha anza kukipasha moto chombo. Ikifika nyuzi joto 31 hivi, na kanieneo ndani ikiwa imefikia kama mara 73 ya ile ya hewa inayotuzunguka, ule mstari unaotenganisha kimiminika na gesi unaanza kufifia. Unafifia, unafifia, mara haupo tena. Kilichobaki si gesi wala si kimiminika. Kinapenya kama gesi na kuyeyusha vitu kama kimiminika, na viwandani hutumika, pamoja na mengine, kutoa kafeini kwenye kahawa. Poliakoff alitaka wanakemia wakitumie badala ya viyeyushi vyenye sumu, ambavyo mwisho wake ni kumwagwa mahali. Ndiyo hiyo kemia inayoitwa ya kijani. Kwa kazi hiyo, mwaka 2002 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1660. Huingizwi mle kwa kupendwa na watazamaji.

Kamera ilikuja mwaka 2008. Brady Haran, mwandishi wa habari kutoka Australia aliyekuwa amefanya kazi BBC, alifika chuoni akitafuta namna ya kuwaonyesha watu sayansi ikifanyika. Wakaamua kutengeneza video fupi ya kila elementi, zote 118, na wakazimaliza ndani ya wiki chache. Poliakoff alikuwa na umri wa miaka 60. Hakuandikiwa maneno ya kusema. Aliketi kwenye kiti chake akaongea kama mjomba aliyekuja likizo na ana habari ya kuwapa watoto. Milipuko na miali ya moto aliwaachia wenzake maabara, hasa fundi aitwaye Neil Barnes, ambaye mbele ya kamera hasemi sana, lakini mikono yake inajua kila chupa. Leo wanaofuatilia video hizo ni zaidi ya milioni moja. (Wenzake walimpenda kiasi kwamba kwenye siku yake moja ya kuzaliwa walimchongea jedwali zima la elementi juu ya unywele wake mmoja, kwa mashine za nanoteknolojia. Likaingia kwenye rekodi za Guinness.)

Je, alishuka hadhi? Kuanzia mwaka 2011 mpaka 2016 alikuwa Katibu wa Mambo ya Nje wa Royal Society yenyewe, na mwaka 2015 akapewa heshima ya kuitwa Sir. Kwa miaka mingi pia ameshirikiana na wanakemia wa Ethiopia kuhusu hiyohiyo kemia ya kijani, nao wakamfanya mwanachama wa heshima wa chama chao. Hakuna aliyemwita mwigizaji.

Najua mkubwa wako atakachosema akisoma hapa: "Unaona? Alingoja." Ni kweli, Poliakoff alikuwa na uprofesa wa miaka 17 kibindoni kabla kamera haijawashwa. Ndiyo maana nakuletea wa pili.

Bassam Shakhashiri alizaliwa mwaka 1939 Enfeh, mji mdogo wa pwani ya Lebanon, akaenda Marekani akiwa kijana mwaka 1957. Alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1968, na mwaka 1970 akaajiriwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Sasa tazama: Desemba ya mwaka huohuo wa 1970, bado mgeni, wino wa mkataba haujakauka, alifanya onyesho lake la kwanza la kemia la Krismasi, ambalo watu wa mjini, wazazi na watoto, walikuja kulijaza ukumbini. Likawa desturi ya kila mwaka, kwa takriban nusu karne. Waliokuja wakiwa watoto walirudi na watoto wao.

Moja ya mambo anayojulikana kwayo ni mitungi mirefu ya kioo iliyopangwa mezani, kila mmoja una maji yenye rangi yake na besi kidogo ndani, yaani kitu kinachopingana na tindikali, kama magadi. Anatumbukiza kipande cha barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa. Maji yanatokota ingawa ni baridi, ukungu mweupe unafurika kwenye midomo ya mitungi na kushuka mpaka mezani, na ndani rangi zinabadilika moja baada ya nyingine. Gesi ile ikiyeyuka majini huwa tindikali dhaifu, nayo polepole inaishinda besi. Ukumbi mzima unapumua "aaah". Lakini yeye hakuishia kwenye "aaah". Aliuliza: mmeona nini? Si "nini kimetokea", bali "mmeona nini", kwanza. Nitarudi hapo.

Kama maneno ya mkubwa wako yangekuwa sheria ya maumbile, huyu ndiye angezeekea kwenye cheo cha chini. Badala yake, kuanzia mwaka 1983 alitoa vitabu vya maonyesho ya kemia kwa ajili ya walimu, juzuu tano kwa jumla, na ukivifungua unaelewa kwa nini wenzake hawakumdharau. Kila onyesho lina kipimo cha kila kemikali, hatari zake, namna ya kutupa mabaki, kisha maelezo ya kina ya kinachoendelea ndani. Mwaka 1984 aliitwa NSF, taasisi ya serikali ya Marekani inayogharamia utafiti, kuongoza idara ya elimu ya sayansi, wakati idara hiyo ilikuwa imekatwa bajeti mpaka karibu kufa. Aliijenga upya kwa miaka sita. Mwaka 2012 alikuwa rais wa chama cha wanakemia wa Marekani, ACS. Na kiti chake cha uprofesa kilibeba jina la wazo la zamani la jimbo lile, kwamba chuo kikuu cha umma mipaka yake ni mipaka ya jimbo zima, na manufaa yake lazima yafike kila kaya.

Kwa hiyo mmoja alianza akiwa na miaka 60, mwingine akiwa na miaka 31 hivi. Mmoja alipeleka kwa umma jina alilolijenga maabara. Mwingine aliigeuza kazi yenyewe ya kuonyesha kemia kuwa fani yake ya kitaaluma. Wanachofanana ni kimoja, na ndicho ninachotaka ukishike kuliko yote nitakayosema: hakuna aliyeweza kuwauliza "kemia yako iko wapi?" Ilikuwepo, imeandikwa, imepimwa, inarudiwa na wengine ikatoka vilevile. Wewe usingoje, binti yangu. Ila hakikisha swali hilo likija, jibu liko mezani.

Pengine mkubwa wako ana methali kichwani, mshika mawili moja humponyoka. Ningemkumbusha Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1825, pale Royal Institution ya London, aligundua benzini. Mwaka huohuo taasisi ile ilianzisha mihadhara ya Krismasi kwa vijana, na Faraday akaja kuitoa mara 19, ya mwisho ikiwa majira ya baridi ya 1860 kuingia 1861, alipowaeleza watoto kemia yote ya mshumaa mmoja unaowaka. Katikati hapo, mwaka 1831, aligundua jinsi sumaku inayosogea inavyozaa umeme kwenye waya. Mitambo ya umeme ya Kidatu na Mtera inazungukia ugunduzi huo mpaka leo. Huyu alishika mawili, na yote yakakaa mkononi.

Tena jambo hili la Faraday watu hawalisemi vya kutosha: alijifunza kuongea. Alimlipa mwalimu wa sauti na matamshi aje kukaa kwenye mihadhara yake na kumkosoa. Mbele yake aliwekewa kadi yenye neno moja, "Polepole", kwa sababu alijijua kuwa hukimbia. Nimekusikiliza redioni, maana kipindi chako kinafika hapa kwetu. Una sauti nzuri na unakimbia. Andika kadi.

Nisikudanganye kwamba manung'uniko ya wenzako ni ya nchi yetu tu au yataisha kesho. Carl Sagan, mwanasayansi wa sayari aliyetazamwa na mamilioni ya watu kwenye televisheni, alipigiwa kura ya kukataliwa uanachama wa chuo cha kitaifa cha sayansi cha Marekani mwaka 1992. Miaka miwili baadaye chuo hichohicho kikampa nishani kwa ajili ya kazi yake kwa umma. Wivu upo kila mahali penye watu wenye akili. Lakini ukitoka kwenye minong'ono ukaenda kwenye hesabu, mambo ni mengine. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti juu ya maelfu ya wanasayansi wa CNRS, shirika kubwa la utafiti la Ufaransa, ukaonyesha kwamba wanaoongea na umma kwa wastani wanafanya vizuri zaidi kitaaluma kuliko wasioongea. Mimi kama mwanakemia sitasema kuongea ndiko kulikowapa machapisho. Huenda ni watu wenye nguvu nyingi tu. Ila ile hoja kwamba mwenye kuongea ni yule aliyeshindwa maabara, imekufa.

Sasa tuje kwetu. Nimekaa kwenye vikao vya kupandisha watu vyeo, najua kinachowekwa mezani. Kazi ya mhadhiri husemwa ina miguu mitatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Kwenye karatasi mguu wa tatu upo. Kikaoni yanahesabiwa machapisho, na mtu asiye na uzamivu hatoki kwenye uhadhiri msaidizi hata awe amebatiza kijiji kizima kwa kemia. Sipendi ilivyo, nimepigania ibadilike, lakini nitakuwa nakutendea vibaya nikikuficha. Kwa hiyo saa za uzamivu wako zisiguswe. Asubuhi ni ya maabara. Redio kila Jumatano ni nyingi mno ukishaanza kupima sampuli. Waombe iwe mara mbili kwa mwezi na ueleze sababu, watakuelewa. Shule moja kwa mwezi inatosha.

Halafu kila unachofanya kiache alama ya maandishi. Kila kipindi, tarehe, mada, maswali ya wasikilizaji. Kila shule, idadi ya watoto, uliwauliza nini kabla, wakajibu nini, uliwauliza nini baada. Maswali yale unayopigiwa usiku, ambayo leo unayaona ni usumbufu, ni data. Poliakoff na Haran waliandika makala kuhusu video zao kwenye jarida la Science mwaka 2011. Kazi ya umma ikawa chapisho. Lipo pia Journal of Chemical Education, linalochapishwa tangu mwaka 1924, ambalo limejaa makala za walimu waliobuni jaribio moja zuri wakalipima kwa uaminifu. Makala mbili za namna hiyo ndani ya miaka minne, juu ya uzamivu wako, na uone kama kuna atakayetamka "uigizaji" kikaoni. Na omba barua kutoka shule na redio sasa, watu wakiwa bado wanakukumbuka. Nimeona wenzangu wakikimbizana na barua za miaka sita iliyopita, mwalimu mkuu ameshahamishwa.

Fundi wa maabara anayekusaidia kuandaa vile vifaa vya kwenye beseni, mtaje hewani kwa jina lake, na kwenye makala jina lake liwepo. Kwetu tumezoea kuwafanya mafundi kama sehemu ya meza.

Na siku moja, nakuambia mapema, mtengenezaji wa sabuni au wa krimu ya kung'arisha ngozi atakufuata na bahasha, akitaka useme neno moja tu zuri. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, na zebaki inapita kwenye ngozi mpaka kwenye figo. Ukisema neno hilo moja, sauti yako haitakuwa na faida tena kwa yule mama wa kijijini anayekuamini. Kataa hadharani ikibidi.

Kuhusu mada, naona unachagua vizuri lakini unaogopa kwenda ndani. Nchi yetu haihitaji fataki ili kemia ionekane. Nenda Arusha, upande wa Mlima Meru, utaona meno ya kahawia kwa watoto wenye afya nzuri kabisa. Ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye maji ya visima na chemchemi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita; huko yako maji yanayopita kiwango hicho mara nyingi. Na zaidi ya meno, ikikolea sana na kwa miaka mingi, inaharibu mifupa. Mzazi mwema atafanya alichofundishwa: atachemsha. Lakini kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi hakuigusi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale sufuriani, inazidi kukolea. Kinachoinasa ni mkaa wa mifupa, mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa utaratibu wake ikasagwa chengachenga, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko Arusha, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Kipindi kimoja cha redio kuhusu hilo, ukakieleza taratibu, sufuria, mvuke, kilichobaki, kina thamani kuliko milipuko kumi.

Vivyo hivyo jiko la mkaa linaloingizwa chumbani Njombe au Makete wakati wa baridi, mlango ukafungwa. Waeleze monoksidi ya kaboni inavyofanya: haina rangi, haina harufu, na inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anavuta hewa vizuri tu lakini mwilini oksijeni haifiki. Vivyo hivyo jik iliyochanganywa na dawa ya choo yenye tindikali, gesi ya klorini ikatoka kwenye choo kisicho na dirisha. Haya kwa Kiswahili, tena Kiswahili chako mwenyewe. Wengi wetu tulijifunza kemia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, tukijaribu kuieleza kwa lugha ya mama tunagugumia. Dawa yake ni mazoezi. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, itafute, lakini usiisome hewani kama msahafu. Palipo na neno la mtaani, tumia la mtaani: chokaa, shabu, magadi, zebaki, baruti, koroboi. Nusu ya kemia ya nchi hii ina majina tayari, yamekaa dukani.

Nikuambie na kosa langu, maana limenifundisha kuliko mafanikio. Nikiwa na umri wako hivi nilikwenda shule moja na "volkano". Ni ile chumvi ya rangi ya chungwa, amoniamu dikromati, unairundika kama kichuguu, unawasha kileleni, inatapika cheche na majivu ya kijani. Watoto walipiga makofi mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Baada ya wiki mbili nilipita shuleni pale kwa shughuli nyingine, nikawauliza wanakumbuka nini. "Moto!" Nikawauliza ulitoka wapi, kwa nini majivu yalikuwa mengi kuliko ule unga. Kimya. Hakuna hata mmoja, na halikuwa kosa lao, kwa sababu sikuwapa nafasi ya kuwaza. Niliwapa nafasi ya kushangilia tu. Kilichoniuma zaidi nilikifahamu vizuri baadaye. Mabaki ya chumvi ile ambayo hayajaungua yana kromiamu ya aina inayosababisha saratani, na mimi nilikuwa nimeyafagia kwa mkono mpaka kwenye bustani ya shule, watoto wakinisaidia. Tangu siku ile sijafanya onyesho ambalo mabaki yake siwezi kuyagusa mbele ya mama wa mtoto. Nawe kaa mbali na miali ya rangi ya methanoli (aina ya spiriti), hata kama umeiona mtandaoni ikipendeza. Mvuke wake unashika moto ghafla, chupa inarusha ndimi za moto mpaka kwenye madawati ya mbele, na huko Marekani wanafunzi wameungua kiasi kwamba mwaka 2014 kamati ya usalama ya ACS ilitaka onyesho hilo liachwe.

Basi hao darasa la tano wa shule yako. Beseni liache nyumbani. Nunua manjano ya unga, vipande vichache vya sabuni ya mche, ndimu, na kitambaa cheupe cha pamba, hata shuka kuukuu. Siku moja kabla, koroga manjano kwenye maji ya moto, tumbukiza kitambaa, kikamue, ukianike kivulini kwa sababu jua linaila rangi ya manjano. Kata vipande ukubwa wa leso, kimoja kwa kila watoto wanne.

Usianze kwa kueleza. Anza kwa kuuliza nani amewahi kumwagikiwa na mchuzi wa manjano kwenye shati la shule, na mama alisema nini alipolifua. Wataongea wenyewe. Kisha waambie walowanishe pembe moja ya kitambaa na kuipaka sabuni. Rangi itageuka nyekundu iliyoiva, ile tunayoiita damu ya mzee, palepale chini ya vidole vyao. Watapiga kelele, nawe nyamaza. Hapo ndipo uulize kama Shakhashiri: mmeona nini? Waache waseme mpaka waishiwe. Halafu swali la pili: wekundu huu umetoka kwenye sabuni, au ulikuwa umejificha kwenye kitambaa? Darasa litagawanyika kambi mbili. Usiamue ugomvi wao, waulize watajuaje nani yuko sahihi. Yupo atakayesema tupake sabuni kwenye kitambaa kisicho na manjano, na ukimpata huyo, umepata mwanakemia, kwa hiyo uwe umebakiza kipande cheupe mfukoni.

Baada ya hapo gawa ndimu. Wakamulie tone moja kwenye ule wekundu, na manjano itarudi kama haikuwahi kuondoka. Unajua wewe na mimi kwamba ni besi na tindikali, kwamba molekuli ya manjano inapoteza na kurudishiwa hidrojeni yake. Hilo utalisema mwishoni, kwa sentensi mbili, kama muda upo. Kwa kawaida muda hautakuwepo, kwa sababu mtoto mmoja aliyekaa nyuma, ambaye asubuhi yote hakufungua mdomo, atanyoosha mkono aulize kama akipaka sabuni tena juu ya ndimu wekundu utarudi. Mpe sabuni.